Mburuzo wa Kasa Mchangani: Nini Ufanye, Nini Uache

Ukipita ufuoni alfajiri ukakuta njia pana imepanda kutoka majini kama ya tairi la trekta, usiikanyage. Huo ni mburuzo wa kasa, na una habari ndani yake. Alama za mapezi zikiwa sambamba, kushoto na kulia kwa pamoja, na upana ukikaribia mita moja, aliyepita ni kasa wa kijani. Zikipishana, kushoto kisha kulia, na njia ikiwa nyembamba zaidi, huenda ni ng'amba, aina nyingine ya kasa. Hao wawili ndio wanaotaga zaidi katika pwani yetu. Na kama njia imepanda ikageuka kurudi bila mchanga kufukuliwa popote, mama huyo hakutaga. Pengine aliona taa, au alisikia watu, au alichimba kidogo akakuta mizizi. Atarudi kujaribu usiku huo huo au unaofuata, mradi asikute tena kilichomfukuza.

Penye mchanga uliofukuliwa ndipo wengi hukosea. Lile shimo kubwa linalobaki wazi silo lenye mayai. Kasa akimaliza kutaga hufukia kwa mapezi ya nyuma, kisha hurusha mchanga kwa yale ya mbele huku akisogea, na shimo la mwisho huachwa hivyo hivyo. Mayai yako nyuma ya hapo, chini ya mchanga laini uliorushwa. Ukichokoachokoa kwa fimbo kuyatafuta, utayatoboa, na yai moja likipasuka uozo huenea kwa wenzake na harufu huwaita kaa na wadudu.

Kiota cha kasa wa kijani huwa na mayai kama 100 hadi 130, ya mviringo kama mpira wa tenisi ya meza, ganda laini mithili ya ngozi. Mama hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, akipumzika takriban wiki mbili kati ya mtago na mtago, halafu haonekani tena ufuoni kwa miaka miwili hadi minne. Mtoto wake naye akibahatika kuishi, huchukua miaka 25 na zaidi kabla hajapanda mchangani kutaga. Inakadiriwa ni mmoja tu katika 1,000 anayefikia umri huo. Ndiyo maana kuchinjwa kwa mama mmoja ni hasara kubwa mno kuliko inavyoonekana kwa macho.

Je, mayai yahamishwe? Kwa kawaida, hapana. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ngozi ya ndani upande wa juu wa yai. Ukiligeuza baada ya hapo, kinang'oka na kufa, na kwa nje yai linabaki zima kabisa. Viota vingi vimeharibiwa namna hii na watu wenye nia njema. Sababu ya kuhamisha ni moja kubwa: kiota kiko chini ya mstari wa mwani unaoachwa na maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku nyingine, kwa hiyo kitafurika. Hapo anaitwa mtu aliyefunzwa, kazi ifanyike mapema iwezekanavyo, kila yai lishikwe bila kuzungushwa, na shimo jipya liwe na kina kile kile na umbo la mtungi: shingo nyembamba, chini pana. Tarehe iandikwe. Vifaranga hutarajiwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi, na mchanga ukiwa wa baridi husubiriwa zaidi.

Joto hilo la mchanga ndilo linaloamua pia dume au jike. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka mchanganyiko. Joto likizidi hutoka majike, likipungua hutoka madume. Kwa hiyo kufyeka vichaka vya ufuoni kunabadilisha zaidi ya kivuli.

Vifaranga hutoka usiku, mchanga wa juu ukishapoa, na hufuata upande wenye mwanga zaidi karibu na upeo wa macho. Ufuoni pasipo taa, mwanga huo ni wa bahari. Pakiwa na taa ya hoteli au ya kibanda cha chipsi, wanageuka kuelekea huko, na jua likichomoza wanakauka au kuliwa na kunguru. Zima taa inayotazama bahari, au ishushe na kuikinga. Usipige picha kwa mwanga wa simu. Na usiwabebe kuwatia majini: waache watembee wenyewe, wewe wafukuzie mbwa na kunguru tu.

Baharini hatari kubwa ni wavu, hasa jarife linalolala majini usiku kucha. Kasa hupumua kwa mapafu kama sisi, na akinaswa huhangaika, pumzi ikaisha upesi. Mvuvi akimkuta hajitingishi asimrushe majini, maana anaweza kuwa amezimia tu, na akirushwa hivyo atazama. Amlaze kwa tumbo, kamwe si kwa mgongo. Sehemu ya nyuma iinuliwe kama sentimita 15 hadi 20 ili maji yatoke mapafuni. Awekwe kivulini na kufunikwa kitambaa kibichi, pua ikiwa wazi. Kila baada ya muda aguswe taratibu pembeni ya jicho au mkiani kuona kama anashtuka. Huweza kuchukua saa nne, hata siku nzima. Akiamka, ashushwe polepole upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, mashine ikiwa haizungushi rafadha. Asivutwe kwa mapezi, viungo vyake huteguka.

Aliyekufa asiliwe. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, huko huko Pemba, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na hakuna namna ya kumtambua kasa mwenye sumu kwa kumtazama. Huanza kwa mdomo na koo kuwaka moto, kisha kutapika, kuumwa tumbo na kusinzia kusiko kwa kawaida. Hupita hata kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo mtoto anyonyaye naye apelekwe hospitali pamoja na mama yake, hata kama yeye hakuonja nyama.