Rula kwanza, hoja baadaye: ninavyokagua mchoro wa viwanja kabla ya kikao

Kamati ya Mipango Miji hupendekeza tu. Anayeamua ndani ya halmashauri ni Baraza la Madiwani. Ila mchoro ukitoka kwetu bila hoja, barazani ni nadra kufunguliwa tena. Kwa hiyo naufanyia kazi makabrasha, yaani nyaraka za kikao, yakishafika.

Naanza na rula. Kwenye skeli ya 1:2,500, milimita moja ni mita 2.5 ardhini. Sisi wa Kigoma ziwa ndilo swali la kwanza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, yaani milimita 24 kwenye karatasi. Lakini makabrasha ni kopi. Mchoro wa A3 ukishushwa kuwa A4, zile 24 zinabaki 17, huku maandishi yakiendelea kusema 1:2,500. Ndiyo maana napima kwa ule mstari wa skeli uliochorwa pembeni, maana nao husinyaa pamoja na ramani. Mchoro usio na mstari huo naurudisha.

Kisha nauliza: huu ukingo umetoka kwenye picha ya mwaka gani? Maji ya Tanganyika yalipanda sana kuanzia 2020, hata Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, waliyaona. Mchoro wa picha ya zamani unaweza kuwa na mita 60 kamili, zote majini! Mezani hulioni hilo. Nenda na mtendaji wa mtaa pamoja na wavuvi, wakuonyeshe maji yalipofika.

Mchoro wa marekebisho nauweka juu ya ule wa awali, dirishani, penye mwanga. Shule, soko, makaburi, eneo la wazi: kimoja baada ya kingine. Eneo la wazi hugeuka viwanja vinne kimyakimya, taarifa ikisema tu "kuboresha mpangilio".

Fidia ya wanaochukuliwa ardhi nayo iulizwe mapema: tathmini ya mali zao ikipita miaka 2 bila malipo, inarudiwa.

Mjumbe mwenye kiwanja eneo hilo atangaze maslahi na atoke nje. Na kwenye muhtasari sikubali "Kamati ilipokea taarifa", haimfungi mtu. Iandikwe "Kamati iliazimia", afisa fulani, kazi fulani, tarehe fulani, ili kikao kijacho tumdai kwenye yatokanayo, yaani ajenda ya kufuatilia maazimio ya kikao kilichopita.