Mama Sabuni: siku moja kati ya mafuta na kostiki

Saa 11 alfajiri. Nimeinama uani na tochi ya simu, nachungulia dumu la mafuta ya nazi. Yameganda. Jana mchana yalikuwa yakimiminika kama maji, leo ni meupe tii, hata ukilipindua dumu hakitoki kitu. Tanga ni joto karibu mwaka mzima, lakini kipupwe cha Julai kikishika, alfajiri hushuka chini ya nyuzi 24, na hapo kwenye 24 ndipo mafuta ya nazi yanapoamua kama leo yatakuwa kimiminika au yabisi. Kazi yangu ya kwanza basi ni kuburura madumu mpaka ukuta wa mashariki, jua liyayeyushe bure. Mkaa ghali.

Natengeneza sabuni ya mche. Sina kiwanda. Nina banda la mabati nyuma ya nyumba, mizani, ndoo nne za plastiki nene, chanja za kukaushia, na binti wa shangazi yangu anayenisaidia. Mtaani naitwa Mama Sabuni, na wengi wanaoniita hivyo wanaamini kazi yenyewe ni kukoroga. "Si unakoroga tu?" Nimeulizwa hivyo harusini, nimeulizwa msibani, na shemeji yangu mwenye shahada yake ananiuliza kila Idi.

Saa 12 mpaka saa 2 ni chai, watoto, sare ya shule isiyoonekana, kufagia banda.

Saa 2 asubuhi napima, na nikipima sizungumzi na mtu. Leo ni kilo 6 za mawese na kilo 4 za nazi. Kila aina ya mafuta ina njaa yake ya kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni: kilo ya mawese hula gramu 142 hivi, kilo ya nazi hula 183. Jumla inakuja kilo 1 na gramu 584. Mimi natia kilo moja na nusu kamili. Zile gramu 84 nazinyima makusudi, ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na mikono ya mtu isichubuke. Ukizidisha kostiki, sabuni inauma. Ukipunguza mno, inakuwa teketeke, na baada ya miezi inanuka mafuta yaliyochacha. Shemeji yangu hajawahi kuniona saa hii.

Kostiki yenyewe ni vipande vyeupe vyembamba kama magamba ya samaki. Ukiviacha kwenye sahani asubuhi, jioni unakuta kidimbwi, kwa sababu vinanyonya unyevu wa hewani mpaka vinajiyeyusha vyenyewe. Kibaya zaidi vinanyonya na hewa ya ukaa, na polepole kostiki inageuka kuwa kitu kingine, ndugu yake magadi. Mizani haitakwambia. Niliwahi kuuziwa mfuko uliokuwa umekaa wazi dukani sijui tangu lini, nikapima sawasawa, nikakoroga sawasawa, na sabuni ikakaa wiki mbili ikiwa kama uji wa mgonjwa.

Glavu, miwani, khanga puani. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Ndoo ina maji lita tatu na nusu, ya baridi kabisa, sijawasha jiko lolote. Baada ya dakika chache kipimajoto kinasoma nyuzi 80 na bado kinapanda, na mvuke unatoka. Binti wa shangazi alipoona mara ya kwanza aliuliza moto uko wapi. Moto uko humo humo: vitu viwili vinapokutana na kutulia, ile nguvu iliyobaki inatoka kama joto.

Na ndoo iwe ya plastiki nene, au chuma cha pua. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua sufuria ya mama, ile kubwa ya pilau, nikayeyushia kostiki. Sufuria zetu hizi ni za aluminiamu. Ilianza kutoa mapovu, ikafoka, ikawa nyeusi, na mimi nikasimama pale nikifikiri ni maji yanachemka. Ilikuwa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto kama nini, na hatua tatu kutoka pale palikuwa na jiko la mkaa. Mungu alituhurumia. Mama hakunihurumia. Sufuria ilitoboka, na mpaka leo kukiwa na shughuli ananiuliza pilau ipikwe kwenye nini.

Nikiwa kidato cha pili niliyakariri haya yote kwa Kiingereza: elementi, kampaundi, mmenyuko, hali za maada. Nilipata alama B bila kujua ninachosema. Mwalimu angetuletea ndoo moja ya kostiki na dumu la nazi tungeelewa ndani ya wiki moja. Mafuta ni kitu, kostiki ni kitu, vikikutana vinakufa vyote viwili na vinazaliwa vingine viwili, sabuni na gliserini. Kostiki iliyokuwa ikichoma ngozi haipo tena, imekuwa mwili wa sabuni. Bibi zetu walifanya hivyo hivyo kwa majivu ya maganda ya ndizi, ila majivu yana potasiamu, ndiyo maana sabuni yao ilikuwa laini ya kuchota. Sodiamu, iliyomo kwenye kostiki yangu, ndiyo inayotoa mche mgumu.

Saa 3 nageuza miche ya wiki zilizopita kwenye chanja. Inakaa wiki nne kabla ya kuuzwa, na kabla haijatoka naipima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha ukali wa kostiki umebaki kiasi gani. Ikiwa 9 au 10, twende. Ikivuka 11 inabaki bandani.

Saa 4 kasoro simu ikalia.

"Mama Sabuni, hii sabuni umetia nini?"

Alikuwa dada mmoja aliyenunua miche minne wiki iliyopita. Hajasubiri nijibu. Sabuni haitoi povu. Shati jeupe la mwanawe limekuwa la kijivu. Beseni limeshika utando kama wa maziwa yaliyokatika. Ameshawaambia wenzake wote kwenye kundi la simu la mtaa kwamba Mama Sabuni siku hizi anatia unga wa muhogo.

Hapo kwenye muhogo ndipo nilipovua glavu. Wapo wanaotia unga, nawajua, na bei yao ni nusu ya yangu. Nikamuuliza, "Dada yangu, unafulia maji gani?"

"Maji ni maji! Ya kisimani."

Nikamwachia binti wa shangazi banda, nikajaza chupa moja maji ya mvua kutoka tangi letu, nikafunga magadi kwenye kipande cha gazeti, nikapanda bodaboda. Elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi, na mche wangu mmoja ni elfu tatu. Hesabu hiyo naijua, msinikumbushe.

Nilimkuta mlangoni, beseni mbele yake kama kidhibiti cha polisi, na majirani wawili kama mashahidi. Nikaomba kwanza kuona birika la chai. Akashangaa, akaleta. Ndani limejaa ukoko mweupe, mgumu, unaukwangua kwa kisu.

"Hii ni chokaa," nikamwambia. "Iko kwenye maji yako. Ukichemsha inabaki birikani, usipochemsha inakutana na sabuni yangu."

Akasema maji yake ni safi, yanaonekana mpaka chini. Na ni kweli, yalikuwa maangavu kuliko ya kwangu. Ndiyo ugumu wa kueleza kitu kilichoyeyuka, hakionekani. Nikakwangua sabuni kidogo kwenye chupa mbili, moja maji ya mvua, moja maji ya kisima, nikampa atikise mwenyewe, maana ningetikisa mimi ingekuwa uchawi. Chupa ya mvua ikajaa povu mpaka shingoni. Ya kisima ikawa nyeupe kama tui jepesi, vijipande vinaelea, povu hakuna.

Kimya. Jirani mmoja akasema, "Haa."

Nikaeleza kadiri nilivyoweza. Mvua inapozama ardhini inakuwa imebeba hewa ya ukaa, kwa hiyo ina uchachu kidogo. Ikipita kwenye mawe ya chokaa inayala polepole, na sisi Tanga tumekalia chokaa. Mapango ya Amboni mnayopeleka watoto ziara yametobolewa na maji ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo kisimani unateka maji pamoja na kalsiamu, ile iliyomo kwenye chokaa. Sabuni ni sodiamu iliyoshikana na asidi ya mafuta. Ikikutana na kalsiamu inamwacha sodiamu, inashikana na kalsiamu, na huyo mwenza mpya hayeyuki kwenye maji. Ndio ule utando, ndio ukijivu wa shati. Povu halianzi mpaka kalsiamu yote iishe, na wewe unakuwa umemaliza nusu kipande.

"Mbona ya unga ya dukani inatoa povu kwa maji haya haya?"

Swali zuri, na jibu lake halinisaidii kibiashara. Ile ya unga kwa kweli si sabuni. Ni kampaundi nyingine, haiogopi kalsiamu kama yangu, ikishikana nayo bado inayeyuka. Nilimwambia hivyo hivyo. Majirani wakaanza kuniangalia kwa huruma.

Nikafungua gazeti. Magadi, haya haya ya makande, yanayochimbwa Ziwa Natron na kule Ziwa Magadi kwa wenzetu Kenya. Nikatia kwa ncha ya vidole kwenye ndoo, nikakoroga. Maji maangavu yakapata ukungu, kama umedondosha maziwa. Magadi yanaishika ile kalsiamu na kuirudisha kuwa chokaa, yabisi, inazama chini. Tukangoja. Mwenye nyumba akaingia ndani akatoka, akapiga simu mbili, akanisimulia habari za mkwewe. Maji yalipotuama tukachota ya juu, sabuni ile ile, povu likatoka.

Mnadhani alisema nini?

"Kumbe ulikuwa unajua! Basi nirudishie hela ya sabuni iliyopotea."

Nimemaliza dakika 40 nikibishana mlangoni kwa mtu kwamba mimi siuzi kisima. Jirani mmoja upande wangu, mmoja upande wake, mtoto wa shati la kijivu akilia anataka chipsi. Mwishoni nikampa mche mmoja bure na magadi yote, kwa masharti kwamba aandike kwenye lile kundi kuwa hakuna muhogo. Nikamwonyesha kipimo mara tatu: ncha ya vidole, ndoo nzima, ngoja yatuame. Akaitikia mara tatu.

Sijui ilikuwa saa ngapi niliporudi. Jua lilishahama ukuta wa mashariki, na dereva wa bodaboda alikuwa amenidai elfu moja ya "kusubiri".

Binti wa shangazi alinipokea getini akicheka. "Dada, leo imeshika upesi! Hata mkono haujauma!"

Nilichelewa, akaona mafuta yanapoa, akaamua kuchanganya mwenyewe. Ndoo ilikuwa na uji mzito wa rangi ya chungwa, mwiko unasimama. Kwa macho ni sabuni kabisa, mtu angeimimina kwenye sanduku akaenda kulala.

Nikagusa ndoo kwa nje. Baridi.

Mmenyuko wa kweli unajipasha wenyewe. Sabuni inayozaliwa ina joto, utalisikia kiganjani. Hii ilikuwa mawese yamerudi kuganda, basi. Mawese yanahitaji karibu nyuzi 35 kuyeyuka vizuri, na kivulini mle bandani hayakuwa nayo. Yameganda yakiwa yamefumbata kostiki ndani, mafuta bado mafuta na kostiki bado kostiki. Ukimimina hivyo, kesho unakuta mche una vifuko vya maji yanayochoma. Ndilo kosa linaloniogopesha kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu halina sura ya kosa.

Sikumgombeza. Nilikuwa nimegomba vya kutosha siku ile. Nikawasha mkaa niliokuwa nikiubania tangu alfajiri, tukachemsha maji, tukaitumbukiza ndoo kwenye karai la maji ya moto. Uji ule mzito taratibu ukalegea, ukawa maji, mafuta yakaelea juu. Binti akaangalia chini. Tukaanza upya. Kukoroga kwa zamu, mia yeye, mia mimi. Mtoto akarudi shule, akala, akatoka kucheza, akarudi tena, sisi tuko pale. Umeme ukakatika, tukaweka simu juu ya mfuko wa mkaa iwe taa. Bega la kulia silisikii. Kuna wakati niliacha kuhesabu, nikawa nakoroga tu. Shemeji angefurahi.

Kisha rangi ikapauka, kutoka chungwa kwenda manjano ya mahindi. Nikainua mwiko, ule ute uliodondoka ukachora mstari juu ya uji na mstari haukuzama. Nikagusa ndoo: vuguvugu, na maji ya karai yalikuwa yamepoa zamani. Hilo joto lilikuwa lake mwenyewe.

Tukamimina, tukafunika masanduku kwa magunia na blanketi kuukuu ili joto lisikimbie. Usiku sabuni itaendelea kupanda joto humo ndani, kesho jioni tutakata.

Nimeoga, nimejilaza, simu ikatoa mwanga. Dada wa kisimani.

"Mama Sabuni, magadi yako nimetia upawa mzima ili povu liwe jingi. Mbona mikono inawasha?"

Nikaandika, "Dada yangu, nilikwambia." Nikafuta. Nikaandika, "Nawa kwa maji mengi, upake mafuta ya nazi." Akajibu papo hapo: hana, je, mimi ninayo ya kumpa?

Nilicheka mpaka bega likauma, nikazima simu.