Mashimo ya Uani kwa Bibi

Likizo ya Agosti 1993 nilikuwa na miaka tisa, nikapelekwa kukaa kwa bibi, Kisauni. Uani alipanda mabiringani na tungule, akiyamwagilia maji yaliyobaki ya kusuuzia vyombo.

Siku ya pili nikaona mashimo chini ya ukuta wa udongo wa jikoni, kila moja la kuingia penseli. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka mbio mbio, tumbo jeusi lenye mikanda ya samawati. Nikadhani ni mzinga uliozikwa. Nikachukua birika la chai jikoni, maji bado yanachemka, nikamwagia shimo la kwanza.

Bibi alinishika mkono kabla ya la pili.

"Hao si wa mzinga, mjukuu wangu. Kila mmoja ana nyumba yake. Umemmwagia mtu maji ya moto chumbani kwake."

Hakunipiga. Alinikalisha kigodani hadi adhuhuri, nitazame. Nyuki mmoja alilikumbatia ua la biringani, mlio wake ukapanda ghafla, ua zima likatetemeka, naye akaondoka na miguu ya manjano.

Ukubwani ndipo nilipojua jina la jamaa yao, Amegilla. Chavua ya biringani na tungule imefungiwa ndani ya vijibomba vyenye tundu dogo nchani. Nyuki huyu hutuliza mbawa, akatikisa misuli yake ya kurukia mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Jike huchimba peke yake, hupaka kuta za kila chumba utando usiopitisha maji, huweka chakula cha chavua na maji ya maua, hutaga yai moja na kuziba. Shimo nililolimwagia lilikuwa nyumba ya namna hiyo. Shimo lile nalifikiria hadi leo, maana utando wake ni wa kuzuia unyevu wa mvua, si maji yaliyochemka.

Magharibi bibi alinionyesha madume yamepangana kwenye kikonyo kikavu cha mrehani, yamekiuma kwa taya, yamelala. Nikanyoosha kidole, akanizuia kwa macho tu. Adhana ikaanza. Akachukua birika la udhu, akayazunguka mashimo kwa mbali, akaenda kutawadhia kule penye mpapai.