Jicho Langu Lilipohamia Daftarini

Leo ni Jumapili, na upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri. Bahari ya Malindi imegeuka rangi ya udongo kwa matope yanayoshushwa na Mto Sabaki, hoteli kadhaa zimefunga milango, na wengi wa Waitaliano ambao hukaa hapa wakati wa kaskazi wamesharudi kwao. Kwa mwenye hoteli hiki ni kipindi cha njaa. Kwangu mimi ndicho kipindi cha kununua, kwa sababu mtu anayefunga nyumba yake huuza friji, feni, meza za bustani na vitanda kwa bei ambayo mwezi wa Desemba asingekubali hata kuisikia. Nimekaa stoo peke yangu mbele ya mashine ya kahawa iliyorudishwa jana kutoka Kilifi, na imenijia niandike jinsi biashara hii ya kuuza mtandaoni vyombo vilivyotumika ilivyonifikisha hapa.

Nilianza na feni tatu na kitanda kimoja cha Kilamu, nilivyovinunua kwa zamu yangu ya pesa za chama. Nilipiga picha kwa simu, nikaweka tangazo Facebook, na kitanda kikachukuliwa kabla ya magharibi. Siku zile sikuwa na haja ya kuandika chochote, kwa kuwa kila kitu nilikijua kama ninavyozijua sufuria za jikoni kwangu: feni hii hulia ikiwekwa kasi ya tatu, ubao wa kichwani wa kitanda kile umeguswa na mchwa upande wa ukutani. Mteja aliyeuliza nilimjibu papo hapo bila kusitasita, naye akaniamini kwa sababu hiyo.

Mwaka wa pili nilikodi stoo Maweni, nikamchukua mtoto wa kaka yangu anisaidie, na vitu vikaongezeka hadi kukaribia mia mbili. Matangazo nayo yakawa sehemu tatu: Facebook, tovuti ya Jiji na WhatsApp. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kulikuwa na friji moja nyeupe ambayo bwana mmoja wa Watamu alinitumia arbuni usiku, nami nikaenda kulala nikiwa na furaha. Asubuhi kijana wangu akamuuzia friji hiyo hiyo mama mmoja wa Gede aliyelipa taslimu, na hakuniambia kwa sababu alidhani nimeona, kama ambavyo mimi sikumwambia habari za arbuni kwa kudhani hivyo hivyo. Saa sita yule bwana akafika na pikapu ya kukodi. Nilimrudishia arbuni yake, nikamlipia na ile pikapu, na kwa kweli nilitamani anitukane ili nipate pa kujitetea. Yeye alisema tu, kwa upole, "Dada, duka lako lina watu wawili, lakini halina daftari."

Jioni ile nilinunua daftari, lakini kwa muda mrefu halikunisaidia kitu. Niliandika jina la kitu na bei yake, basi. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba kilichokuwa kinahitajika mle si majina, ni lile jicho langu la mwanzo, ambalo sasa halingeweza kuvifikia vitu mia mbili na ambalo kijana wangu hakuwa nalo. Mfano mzuri ni plagi. Vyombo vingi ninavyonunua vimekuja na wenyewe kutoka Italia, na plagi za huko zina vijiti vya mviringo, viwili au vitatu, vilivyopangwa mstari mmoja, ambavyo haviingii katika soketi zetu zenye matundu ya pembe. Umeme wenyewe hautofautiani sana, volti 230 kwao na 240 kwetu, kwa hiyo ukibadilisha plagi kazi imekwisha. Mimi nilikuwa nikilijua jambo hili kiasi cha kulisahau. Lakini mtu wa Mtwapa aliyetumiwa blenda kwa basi, akafungua boksi usiku mbele ya wanawe na kuona kwamba haiingii ukutani, hafikirii plagi, anafikiri ametapeliwa.

Sasa kila kitu kina kadi yake, na kadi huanza na ubaya. Je, kuna kutu, na iko wapi? Hewa ya chumvi ya mji huu hula chuma kutoka ndani, kwa hiyo feni hufunguliwa nyuma kabla ya kuandikwa kuwa ni nzima. Friji huwashwa usiku kucha, kwa maana friji inayopoa kwa dakika kumi inaweza kumdanganya hata fundi. Mashine ya kahawa hupikiwa kahawa, kisha ukaangaliwa mpira wa kwenye shingo yake kama unavujisha maji. Kasoro hupigwa picha mlangoni mwa stoo kwa mwanga wa asubuhi, na picha hiyo ndiyo hutangulia katika tangazo.

Kijana wangu alipinga. "Shangazi, nani atanunua kitu ambacho wewe mwenyewe umeanza kwa kukisema vibaya?" Nikamsimulia habari za Pierre Omidyar, aliyeanzisha mnada wake wa mtandaoni mwaka 1995, mnada ambao baadaye ulikuja kuitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa tochi ndogo ya leza iliyoharibika, nayo ilikwenda kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu, naye akajibu kwamba hukusanya tochi mbovu za aina hiyo. Kijana wangu alicheka, akasema Malindi hakuna watu wa namna hiyo. Wapo. Mafundi wa friji wa hapa mjini hununua kwangu vitu ambavyo zamani nilikuwa nikiwapa watu wa vyuma chakavu. Na wateja wengine, wakishaiona kutu katika picha, hawaigeuzi tena kuwa silaha ya kupunguzia bei wanapofika, kwa kuwa bei yenyewe imekwisha kuihesabu.

Jambo lililoniuma zaidi ni hesabu. Mimi hupenda kununua, na sioni haya kulisema. Msimu mmoja nilinunua vyombo vya nyumba nzima Casuarina kwa jumla, ingawa nilichokitaka kilikuwa friji na viti sita tu. Vingine vilivyobaki vilikuwa taa za ukutani, vikombe vidogo vya kahawa visivyo na idadi, na meza ya kioo ambayo haikupita katika mlango wa mteja yeyote. Meza ile ililala stoo miezi kumi na minne huku nikiilipia kodi kama mpangaji wangu. Kwa hiyo kadi sasa ina tarehe ya kununuliwa: kitu kikifika siku sitini hupunguzwa bei, kikifika tisini huondoka kwa bei yoyote, hata kama roho inakataa.

Kadi ina pia gharama zote, na hapo nilipata aibu ya peke yangu. Blenda niliyoinunua kwa shilingi 1,200 na kuiuza kwa 2,000 ilikuwa ikinipa furaha ya shilingi 800. Toa tuktuk 200, plagi na fundi 250, boksi na nauli ya basi 300, inabaki hamsini, na makato ya kutoa pesa M-Pesa hayajaguswa. Ushuru nao una habari zake: tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo kati ya shilingi milioni moja na milioni 25 kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo ghafi, wala si ya faida, na kwa blenda kama ile asilimia 3 ni shilingi 60. Nimekuwa nikiuza blenda kwa hasara na kumshukuru mteja.

Habari za matapeli ni fupi. Ujumbe wa malipo wa kughushi nimeletewa mara mbili, na tangu hapo sisomi simu ya mteja. Natazama salio langu.

Sasa niirudie mashine hii ya Kilifi. Mteja alilalamika kwamba inavuja shingoni, na ni kweli inavuja. Jana nilikuwa tayari kumgombeza kijana, mpaka nilipoitoa kadi. Kwa mwandiko wake, mbele ya neno "imepikiwa", ameandika "bado, mpira hautoshi". Tangazo niliweka mimi mwenyewe usiku wa Alhamisi, bila kutazama kadi, kwa sababu mashine za aina hii nazijua.

Kesho kuna nyumba Mayungu, na mwenyewe anaondoka Jumatano. Nimemwambia kijana aende peke yake na daftari, achague mwenyewe. Mimi nitabaki hapa kubadilisha mpira.