Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa mvinyo, Dodoma

Ukisema kazi yako ni kuhudumia vinywaji, watu wanasikia "baa medi" na maongezi yanaishia hapo. Basi niwapitishe kwenye Ijumaa yangu moja, mgahawani hapa Dodoma mjini, ambako chupa nyingi za kaunta zimetokana na zabibu za mkoa huuhuu.

Saa nne asubuhi: kufagia, kuhesabu chupa za stoo, kufuta glasi. Kitambaa kikinuka sabuni, mvinyo umeshauharibu.

Saa sita jikoni wananitajia kilichopo: mbuzi, mishikaki, maini, perege wa Mtera. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza kweli, kujua nani apewe nini.

Saa kumi na moja naingiza mvinyo mwekundu kwenye friji kwa nusu saa. Wateja hunishangaa. Mvinyo mzito unanyweka vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 18, na wanaosema unywewe kwa joto la chumba, chumba chao kiko Ulaya. Chetu cha mwezi wa kumi kinautia joto mpaka unasikia pombe tupu.

Jioni Bunge likiwa linaendelea, meza hazitoshi. Akaja mzee mmoja wa suti, nikamwamkia, akaagiza perege wa kukaanga, pilipili ya kusaga pembeni, na mwekundu mzito usio na sukari. Nikamwambia kwa adabu, mzee wangu, kwa samaki huyu, mvinyo mweupe utakufaa zaidi. Akasema mweupe ni wa akina mama.

Haya.

Baada ya dakika chache: "Binti! Waini hii imeharibika. Chungu!" Nikanusa, nikaonja kidogo kwenye glasi yangu. Safi kabisa, haina hata dalili ya siki. Nikamweleza kwamba ile ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ndiyo inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahaulika kwenye birika. Mvinyo kama huu ukikutana na samaki huweza kuacha ladha ya chuma mdomoni, na pilipili inaifanya pombe iwake. "Mimi nimeanza kunywa waini hujazaliwa," akanijibu. Akataka barafu. Nikaleta barafu. Akaikataa waini, eti sasa imekuwa maji. Meza ya pili wananipigia makofi, ya tano wanataka bili, na meneja ananikodolea macho toka kaunta, kwa sababu chupa ikirudi inakatwa kwenye mshahara wangu.

Nikaenda kwa mchoma nyama, nikamwomba kisahani cha ubavu wa mbuzi, ule wenye mafuta, chumvi na ndimu tu. Mafuta na nyama ndivyo vinavyoilainisha tanini. Nikaweka glasi mpya, nikammiminia kutoka chupa ileile, mbele ya macho yake. Akatafuna, akanywa, akanyamaza. Akanywa tena.

"Unaona sasa? Hii mliyonibadilishia ndiyo yenyewe."

"Asante mzee."

Akaagiza kilo nzima. Sijui ilikuwa saa ngapi alipoinuka. Viti vingine vilikuwa vimeshapandishwa juu ya meza na miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Akalipa, chenji akaihesabu yote akaiweka mfukoni, kisha akataka chupa moja ya kwenda nayo nyumbani.

"Lakini nipe kama ile ya pili, siyo ile mbovu."

Nikamfungia.