Nitakubofyia

"Shemeji, we niambie tu, mi nitakubofyia."

Hiyo ni ya Jumanne jioni. Leo ni Ijumaa, saa tano usiku. Nimelala, nimeamka, nimerudi mezani, na bado naisikia. Naiandika hapa, labda itanyamaza.

Shemeji mnamjua. Ndiye wa ngoma, ndiye aliyenibebea kinanda ghorofa tatu siku ile ya kuhama akakataa hata kupumzika kwenye ngazi. Hajanitamkia neno baya tangu amwoe dada, na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Angekuwa mtu wa maneno ningemjibu siku hiyohiyo nikalala usingizi wangu.

Ilikuwa hivi. Jumatatu usiku programu ninayorekodia ilinitolea kidirisha: toleo jipya liko tayari, nisasishe? Nilikuwa nimechoka, nikabonyeza Enter. Kosa hilo ni langu, naliandika mapema kabla sijaanza kugawa lawama. Jumanne mchana nikaifungua, nikavaa hedifoni, nikabonyeza Tab.

"Kitufe."

Tab. "Kitufe."

Tab. "Kitufe."

Siku moja kabla vilikuwa na majina. Kimya. Peke yake. Rekodi. Nilikuwa napita juu yake kwa kasi hata nisisubiri neno liishe. Silabi ya kwanza ilinitosha. Kazi ya wiki hii ilikuwa na traki tisa (kila sauti inarekodiwa kwenye mstari wake), kila traki vitufe vitano. Vitufe 45, na vyote vimesahau vinaitwaje, kama watoto waliosimama nje ya mlango: unauliza "nani?", wanajibu "mimi!"

Kwa aliyejikwaa hapa leo: mimi sioni, na kisoma skrini, programu inayonisomea kwa sauti kilicho kwenye skrini, hakioni picha. Kinaiuliza programu. Kila kitu kilicho kwenye skrini kinatakiwa kijibu maswali matatu: wewe ni kitu gani, unaitwa nani, na uko katika hali gani. Kitufe, Rekodi, kimebonyezwa. Waliotengeneza toleo jipya waliamua kuvichora vitufe upya kwa mkono wao, navyo vimependeza kweli, Shemeji kaniambia vina rangi ya zambarau. Lakini wakati wa kuvichora wakajibu swali la kwanza tu. Kitelezi cha sauti nacho, ambacho zamani kilinitajia desibeli, sasa kinasema "63". 63 ya nini? Hakisemi. Ni kama kumuuliza mtu umri akakujibu "mrefu".

Usiniambie nirudi kwenye toleo la zamani. Nilijaribu saa hiyohiyo. Faili likishahifadhiwa kwa toleo jipya, la zamani halilitaki tena, na mimi nilikuwa nimeshahifadhi. Mara mbili.

(Nukta nundu za muziki nilizofundishwa nikiwa mtoto ziko palepale. Nukta nne za juu zinakwambia ni nota gani, mbili za chini, ya 3 na ya 6, zinakwambia irefushwe kiasi gani. Louis Braille mwenyewe, aliyezibuni, alikuwa mpiga kinanda wa kanisani. Tangu karne ya 19 hakuna aliyeamka asubuhi akaona nukta ya 6 ingependeza zaidi ikihamia juu.)

Basi. Shemeji alikuwa nyuma yangu kwenye ngoma, ameshakaza ngozi zote, ameshapiga vijiti magotini mpaka amechoka. Mimi nabonyeza, nahesabu vidoleni. Kitufe, kitufe, kitufe. Nabonyeza kimoja, nasikiliza kama kuna kilichobadilika, natoka. Robo saa. Nusu saa. Ndipo akashusha pumzi, ile ndefu, ya mtu aliyesubiri, akasema alichosema.

Nami nikasema, "Sawa."

Nimekaa nalo hilo kwa siku tatu. Ningeweza kusema "subiri kidogo". Ningeweza kusema "pumzika nje, nitakuita". Nikasema sawa, akaja, akavuta kiti, na kwa saa mbili nilikuwa abiria kwenye kazi yangu mwenyewe.

Mnajua kinachoniuma hasa ni nini? Ni ile "-ia". Kubofya ni kazi. Kubofyia ni hisani. Silabi moja imeongezwa mwishoni, na papo hapo kuna mtu anayetenda na mtu anayetendewa, na wa pili ni mimi. Nimesomewa barua, nimevushiwa barabara ambazo sikuwa nazivuka, nimejaziwa fomu nikiwa nimekaa na kalamu yangu mkononi. Kwenye muziki nilikuwa sijawahi kufanyiwa. Kwenye muziki mimi ndiye ninayewafanyia watu.

Kazi imekwisha, kwaya wameipokea Jumatano, wamefurahi, wamelipa. Dada kapandishwa cheo. Mwenye nyumba katuandikia kwamba anauza nyumba na tuna miezi mitatu, lakini hilo nitaliandika siku nyingine. Mimi niko kwenye pumzi ya Shemeji. Naipiga kichwani, nairudisha nyuma, naipiga tena. Kuna wakati naisikia kama ya huruma. Kuna wakati kama ya kuchoshwa. Huruma ni mbaya zaidi, nadhani.

Naacha hapa, usingizi umekuja kidogo.

*

Jumamosi, mchana.

Nilitaka kuyafuta ya juu. Nimeyaacha, mtaona kwa nini.

Asubuhi nimefungua faili la kwaya nisafishe takataka kabla ya kuliweka kwenye hifadhi. Nahesabu traki. Tisa, na ya kumi. Sijatengeneza ya kumi. Haina jina, ina urefu wa dakika 6 na sekunde 40. Nikaiweka peke yake, nikaipiga.

Kimya cha chumba. Kiti changu kikilia. Vijiti vya ngoma gotini.

Kumbe katika ile nusu saa ya kubonyeza vitufe visivyo na majina, kimoja kilikuwa cha kurekodi. Nilikibonyeza, hakikuniambia "kimebonyezwa" kwa sababu siku hizi hakisemi hali yake, nikaendelea na safari zangu. Na kipaza sauti cha kuimbia mwongozo kilikuwa wazi mbele ya mdomo wangu.

Nilikaa mkono ukiwa kwenye kibodi. Siku tatu nairudiarudia ile jioni kichwani, na muda wote ilikuwa kwenye mashine.

Dakika ya nne na kitu. Shemeji, kwa mbali, sauti ya mtu aliye nyuma ya chumba: "Shemeji, we niambie tu, mi nitakubofyia." Sauti ya kawaida kabisa. Sauti ya mtu anayeuliza nani anaenda kufunga mlango.

Kisha pumzi.

Pumzi haiko mbali. Iko karibu, imejaa, na ina ule mvumo wa chini unaokuja mtu akipumua juu ya kipaza sauti. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, najua mtu aliye hatua nne nyuma anavyosikika, na najua aliyegusa kipaza sauti kwa pua anavyosikika. Nimeipunguza kasi. Nimeilinganisha na pumzi zangu za traki ya mwongozo. Ni yangu. Nami kichwani nilikuwa nimeihamisha hata mahali: nilimpa yeye, nikaiweka kabla ya maneno yake, na nikaibeba hivyo siku tatu.

Hapo ningecheka na kufunga mashine, lakini traki haikuwa imeisha. Baada ya pumzi kuna sekunde moja hivi, halafu Shemeji tena, chini kidogo, kama mtu asiye na hakika: "Au nionyeshe hizo za kibodi, nijifunze."

Sikuwahi kuyasikia hayo. Naapa. Nilikuwa na hedifoni masikioni na kisoma skrini changu nakiendesha kwa kasi ambayo dada husema ni redio inayotafuta stesheni. Wakati Shemeji anasema "nijifunze", sikioni mwangu kilikuwa kinasema kitufe, kitufe, kitufe.

Sekunde nne. Kisha mimi, kwa sauti ya bosi ambayo sikujua kwamba ninayo: "Sawa. Bofya hiyo ya tatu."

Sasa usikilize kama alivyosikia yeye. Mtu kaomba afundishwe. Kajibiwa: sawa, bofya hiyo ya tatu. Saa mbili nzima nikawa namwambia ya tatu, ya kwanza, shusha, pandisha, acha. Nilidhani nimekuwa abiria. Nilikuwa nimemgeuza kipanya.

Nimempigia simu. Nimemwambia nilikuwa sijamsikia. Kanyamaza, kisha kasema, "Nilidhani umekataa. Nikasema basi, si kazi yangu." Siku zote hizi naye alikuwa na mwiba wake, akanyamaza nao. Familia hii.

Amekuja saa tano. Kitu cha kwanza nimemfungulia kwenye NVDA, ndicho kisoma skrini changu, lile dirisha linaloandika kila kinachosemwa, ili aone kwa macho ninachokisikia. Maneno yakaanza kuporomoka, mstari juu ya mstari: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Akasema, "Ndiyo hii? Ndiyo hii uliyokuwa nayo Jumanne?" Nikasema ndiyo hii. Akatoa tusi dogo ambalo dada asingelipenda.

Halafu nimemwonyesha njia ya pili, ambayo Jumanne kwa hasira sikuikumbuka hata kidogo. Ukishika Insert ukabonyeza 8 ya upande wa namba, unapanda kwa mzazi. 2, unashuka kwa mtoto wa kwanza. 4 na 6, unawapitia ndugu zake. Programu nzima ni ukoo, na ukipanda kwa mzazi wa kitufe kisicho na jina unakuta kundi, na kundi lina jina: Soprano. Alto. Teno. Watoto wamesahau majina yao, lakini wazazi bado wanakumbuka ya kwao. Kwa hiyo najua niko nyumba gani, kilichobaki ni kujua ni mtoto wa ngapi.

Hapo yeye akasoma picha, mimi nikaandika. Wa kwanza, spika iliyokatwa: kimya. Wa pili, herufi S: peke yake. Wa tatu, duara jekundu, ndilo lililonirekodi. Wa nne, mawimbi. Wa tano alisema ni ua. Ua? Ua, lina petali nyingi. Tukakibofya, yakafunguka mapendeleo ya traki. Gurudumu lenye meno, si ua, lakini nimeliandika "ua" kwenye orodha yangu na litabaki hivyo.

Kisha akazima skrini mwenyewe, sikumwambia, akaomba hedifoni ajaribu kunyamazisha alto. Amefika kwa dakika tisa. Amenyamazisha besi. Alijivuna kama kwamba ndiye aliyeiandika programu.

Nimewaandikia watengenezaji barua ndefu isiyo na matusi: vitufe vitano, kila kimoja ni kitu gani, kiitwe nani, kitaje hali gani, na namba ya kitelezi irudishiwe desibeli zake. Sina hakika kama watajibu. Wasipojibu, kuna wasioona waliojitengenezea wenyewe: NVDA yenyewe ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, akaungana naye James Teh, naye haoni. Na huyo Teh ndiye aliyekuja kuanzisha OSARA, kiongezi cha REAPER, programu nyingine ya kurekodia, ili sisi wengine tuweze kurekodi humo. Mnaoniandikia kila mara nihamie huko, nimewasikia. Nina miradi kumi na minne wazi kwenye hii. Msinisukume.

Haki niitendee: toleo jipya ukisimamisha muziki linakutajia ulipo, kipimo cha 24, pigo la 3, bila kuulizwa. Hilo niliwaomba miaka miwili iliyopita.

Traki ya kumi sijaifuta. Nimeipa jina, Shemeji, nikaiweka kimya.

Jambo jingine, halihusiani. Mama amepiga simu mara tatu wiki hii. Mara zote kauliza hali, nikasema nzuri, akasema, "Basi, nilitaka tu kusikia sauti yako." Mama hajawahi kutaka kusikia sauti tu. Mama hupiga simu akiwa na orodha. Nimemuuliza dada, naye kapigiwa mara tatu, kaambiwa hivyohivyo. Kesho mapema nitampigia, na nitavua hedifoni.