Nilivyopima ukubwa wa nchi, ikweta ikanidanganya

Nina kaduka kangu ka fotokopi na kuprinti hapa Arua mjini, Uganda, sasa siku moja madam mmoja anayefundisha jografia akaja na oda ya chati ya ukutani. Akasema kijana wangu, nataka nchi zote 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki na ukubwa wake, halafu chini kabisa uniwekee Uingereza watoto waone hao waliotutawala kama walikuwa wanatuzidi hata ukubwa. Nikamwambia madam hiyo kazi ya nusu saa tu, kesho njoo uchukue.

Nusu saa ikaenda wiki tatu jamani.

Mwanzo nilitaka kukopi namba tu intaneti nimalize. Nikatafuta Uganda, sehemu moja wanaandika kilomita za mraba 241,038, nikaenda kwa UBOS, watu wetu wa takwimu, wao wana 241,551. Nchi ni hii hii moja na tofauti inazidi kilomita 500! Hapo ndipo kichwa kikaniingia moto, nikasema wacha nipime mwenyewe, si niko na kompyuta, kuna programu ya ramani inaitwa QGIS ya bure kabisa, na mipaka ya nchi zote za dunia inapatikana bure pia kwenye tovuti ya Natural Earth. Nikanunua bando nikadaunilodi usiku, umeme ukakatika mara mbili lakini asubuhi kila kitu kilikuwa ndani.

Nikachagua Uganda, nikaiambia programu nihesabie eneo. Ikaniletea 19 na pointi kadhaa. Kumi na tisa! Nikafikiri ni 19 ya nini sasa, ekari au nini, hata shamba la mjomba Koboko linazidi hiyo. Kumbe lile faili linatunza mipaka kwa digrii za latitudo na longitudo, sio kwa mita, kwa hiyo nilikuwa nimehesabu digrii za mraba, kitu ambacho hakina maana yoyote kwa sababu digrii moja ya longitudo hapa kwetu ni kama kilomita 111 lakini ukisogea kaskazini inazidi kupungua mpaka ncha ya dunia inakuwa sifuri.

Sawa, nikaibadilisha ramani iwe ya mita. Nikachukua projeksheni, yaani njia ya kuilaza dunia ya duara kwenye ramani bapa, ile ya ramani za simu, inaitwa Web Mercator, kwa sababu ndiyo niliyoiona ya kwanza na ndiyo macho yamezoea. Nikapima tena Uganda, laki mbili na arobaini na kitu. Weee! Nilisimama kwenye kiti. Nikaona basi nimeshakuwa fundi, sina haja ya kukagua zingine moja moja, nikapima zote mbio mbio, nikapanga meza yangu vizuri na rangi za bendera, nikaprinti kopi 3 kubwa.

Madam alipokuja akaziangalia kimya, miwani kwenye pua, halafu akaweka kidole kule chini. "Kijana wangu, Uingereza imeishinda Kenya lini?"

Nikaangalia. Kweli niliandika Uingereza zaidi ya laki saba, na Kenya yote ni 580,367. Aibu niliyoiona siku hiyo acha tu, na wateja wawili walikuwa wamesimama hapo wanangoja vitambulisho.

Yeye ndiye aliyenieleza, tena kwa kikombe na karatasi. Mercator, mchora ramani wa zamani ambaye projeksheni hiyo ina jina lake, alitengeneza ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili mwelekeo wa dira uwe mstari ulionyooka, na gharama yake ni kwamba kadiri unavyoenda mbali na ikweta ndivyo nchi zinavyovutwa. Uingereza iko huko latitudo 50 na zaidi, inatoka mara tatu hivi ya ukubwa wake. Sisi ikweta inapita hapa hapa Uganda, kwa hiyo kwetu ramani haivuti karibu chochote, na ndiyo maana nilipata jibu zuri kwa njia mbaya. Yaani ningekuwa mtu wa Norway ningegundua kosa dakika ya kwanza! Greenland ndiyo kichekesho, kwenye simu inaonekana kama Afrika nzima, kumbe ni kama 2,166,000 hivi, Kongo hapo ng'ambo ambako unafika na boda ina 2,344,858.

Nikarudi kazini na adabu. Kuna njia mbili, ya kwanza unahamisha ramani kwenye projeksheni inayolinda ukubwa, mimi nilitumia Equal Earth ya mwaka 2018, ile ile ambayo Umoja wa Afrika 2025 uliunga mkono kampeni ya kutaka itumike badala ya Mercator. Ya pili unaacha ramani ilivyo unatumia hesabu ya $area, hiyo inapima juu ya umbo lenyewe la dunia bila kujali ramani imechorwaje, ila hakikisha elipsoidi, yaani umbo la dunia lililobonyea kidogo kwenye ncha, imewekwa kwenye mipangilio ya projekti. Njia zote mbili zikaleta karibu sawa. Uganda laki mbili arobaini na kitu, Uingereza laki mbili arobaini na kitu. Mapacha!

Nikampelekea madam kwa furaha, akauliza, hii ni na maji au bila maji?

Mungu wangu. Uganda ukitoa maji inabaki 197,100, Uingereza inapoteza kama 1,700 tu. Kwa nchi kavu wanatushinda vizuri. Lakini ziwa Victoria peke yake ni kama 68,800 na sisi tuna asilimia 43 hivi, piga hesabu, maji yetu ya Victoria tu yanazidi Rwanda nzima yenye 26,338. (Migingo, kale kakisiwa ka Victoria tunakogombania na Kenya, nilijaribu kuitafuta kwenye faili nikaikosa, watu wamegombania miaka na miaka kajiwe ka nusu uwanja wa mpira ambako ramani yenyewe haikaoni.)

Mwisho tukaweka safu mbili, jumla na nchi kavu, na namba nikatumia zile rasmi, kipimo changu kikabaki cha kukagulia tu. Chati imebandikwa darasani mpaka leo. Zile kopi 3 za mwanzo nilimpa jirani yangu anayeuza rolex, zile chapati za kukunja na mayai, akafungie chapati, kwa hiyo kuna mtu hapa Arua amekula mayai ndani ya Uingereza kubwa kuliko Kenya.